Akili bandia haitatibu faili zilizoandikwa ovyo

Siku hizi ni nadra kuwasikia wakuu wa afya wakizungumza juu ya hospitali zetu bila ya kuitaja akili bandia. Wengine huiita akili mnemba, wengine akili unde. Majina yanatofautiana lakini ahadi ni ile ile: kwamba tarakilishi itazisoma kumbukumbu za wagonjwa zilizorundikana hospitalini, izipange, izichambue, kisha imwonyeshe daktari jambo ambalo macho yake yaliyochoka yasingaliliona.

Ahadi hiyo si ya kubezwa. Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili bandia mnamo Machi 2025, na afya ni mojawapo ya nyanja zilizotiliwa mkazo. Hata hivyo, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi halielei kwa sababu tanga lake ni jipya; laelea kwa sababu fundi aliziunga mbao zake vyema na kuziziba nyufa. Nionavyo mimi, mjadala wetu umelishughulikia mno tanga na kuzisahau mbao. Mbao zenyewe ni rekodi: kile alichokiandika karani, muuguzi au tabibu siku mgonjwa alipofika, lugha aliyoitumia kukiandika, na haki ya mgonjwa juu ya maandishi hayo. Tusipoyatengeneza haya matatu, tutanunua mashine ya bei ghali itusomee upuzi kwa kasi.

Tuanze na rekodi zenyewe. Mkenya anayekwenda katika zahanati ya umma mara nyingi hubeba daftari lake mwenyewe, lile lile anunualo mwanafunzi wa shule ya msingi. Humo tabibu huandika malalamiko, vipimo na dawa. Daftari likilowa mvua au likipotea, historia ya mgonjwa imekwenda nalo. Kando ya daftari hilo, kituo huwa na rejista kubwa ambamo kila mgonjwa hupewa mstari mmoja. Mwisho wa mwezi, mahali pengi, afisa huihesabu mistari hiyo kwa kidole, ugonjwa baada ya ugonjwa, kisha akajaza fomu nambari 705: moja ya watoto walio chini ya miaka mitano, nyingine ya waliozidi umri huo. Jumla hizo ndizo huingizwa katika mfumo wa taifa wa tarakilishi ambao Kenya iliueneza nchini kote mwaka 2011.

Mwalimu aliyewahi kujumlisha rejista ya mahudhurio Ijumaa jioni, ilhali fikira zake zimekwisha kufika kituo cha matatu, anajua jinsi hesabu ya namna hiyo inavyoweza kupotoka. Na hata isipopotoka, jumla haisimulii habari za mtu. Mathalani, yaweza kutuambia kwamba watoto 40 walitibiwa malaria mwezi huu. Haituambii kwamba watatu kati ya hao 40 ni mtoto mmoja aliyerudi mara tatu kwa sababu dawa haikumfaa.

Hapo ndipo mashine inapoweza kufaa, na ni vyema tuelewe kazi yake, maana wengi huizungumzia kana kwamba ni uganga. Kazi hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kupanga. Programu husoma maandishi ya tabibu jinsi yalivyo, ikayadondoa majina ya maradhi, dawa na vipimo, ikayapa nambari za uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ili “presha” iliyoandikwa Kilifi na “shinikizo la damu” lililoandikwa Kakamega yahesabiwe katika fungu moja. Faili ya kurasa 60 yaweza kufupishwa ikawa ukurasa mmoja kabla ya mgonjwa kuketi.

Ya pili ni kuchambua. Hapa mashine hutafuta uhusiano kati ya mambo yaliyoandikwa siku tofauti na mikono tofauti: mama mjamzito ambaye presha yake imepanda kidogo kidogo katika ziara tatu, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha kuja kuchukua dawa, kijiji ambacho visa vya kuhara vimeongezeka kabla ya mtu yeyote kulitamka neno kipindupindu. Binadamu mwangalifu angeweza kuyaona hayo yote. Tatizo ni kwamba binadamu huyo ana wagonjwa themanini mlangoni.

Katika jambo hili Kenya si mgeni anayebisha hodi. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi kilianza kutumia mfumo wa rekodi za tarakilishi uliotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Watafiti walipoupima muda kabla na baada ya mfumo huo, walikuta kwamba ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22. Kutokana na mizizi hiyo, na kwa haja ya kuwahudumia maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi katika eneo la Eldoret, ilianzishwa mwaka 2004 programu ya OpenMRS, ambayo hutolewa bure na imetumiwa katika zaidi ya nchi 40. Hiyo ndiyo iliyozaa KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vya kuwatunza wenye virusi vya Ukimwi nchini.

Mosoriot haikuwa na akili bandia. Ilikuwa na utaratibu: kila mgonjwa nambari yake, kila ziara fomu yake, na mtu aliyeajiriwa kuhakikisha kwamba fomu imejazwa. Naomba msomaji aushike utaratibu huo, kwa sababu mafanikio yaliyofuata yamejengwa juu yake.

Mafanikio ya karibuni yalitangazwa Julai 2025, yalipotolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 15 za Penda Health jijini Nairobi, kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI ya Marekani. Zilichunguzwa ziara 39,849 za wagonjwa. Baadhi ya matabibu walipewa programu iliyokuwa ikiisoma rekodi wakati wanapoiandika, ikawasha rangi ya kijani palipokuwa shwari, manjano palipostahili kutazamwa tena, na nyekundu palipokuwa na hatari. Wakilinganishwa na wenzao wasiokuwa nayo, matabibu hao walikuwa na makosa machache zaidi: katika kutambua maradhi, upungufu wa asilimia 16, katika kutibu, asilimia 13.

Hizo ni habari njema, na zimetoka nyumbani. Lakini mwanafunzi wa sayansi asiishie kwenye asilimia. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu. Isitoshe, miongoni mwa waliofanya utafiti walikuwamo wenye programu na wenye zahanati, kwa hiyo inafaa urudiwe na watu wasio na maslahi. Aidha, zahanati hizo tayari zilikuwa zikiandika rekodi zake katika tarakilishi, na matabibu walikuwa na wenzao walioteuliwa kuwaelekeza na kuwahimiza. Tena uamuzi wa mwisho ulibaki kwa tabibu. Tukiipeleka programu hiyo hiyo mahali ambapo umeme hukatika, rejista imechakaa na afisa mmoja anafanya kazi ya watatu, hatuna sababu ya kutarajia asilimia zile zile.

Je, rekodi zikiwa na kasoro, kwani mashine haiwezi kuzing'amua? Kisa kimoja cha Marekani kinatujibu. Huko hospitali na kampuni za bima zilikuwa zikitumia programu ya kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuambiwa rangi ya mtu yeyote, hivyo wengi waliiamini kuwa ya haki. Mwaka 2019, watafiti walichapisha katika jarida la Science kwamba Wamarekani weusi waliopewa alama sawa na weupe walikuwa wagonjwa zaidi kuliko hao weupe.

Chanzo kilikuwa nini? Programu ilipima ugonjwa kwa kutazama gharama za matibabu. Kwa kuwa kwa miaka mingi mtu mweusi alitumiwa pesa chache kuliko mweupe mwenye ugonjwa kama wake, mashine ilimwona kuwa mzima zaidi. Iliulizwa nani atagharimu pesa nyingi, na watu wakalichukua jibu lake kana kwamba limesema nani anaumwa zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, sehemu ya watu weusi miongoni mwa wanaopata msaada huo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Sasa tulete somo hilo kwetu. Katika rekodi za Kenya, ni nani asiyeonekana? Ni mfugaji wa Turkana ambaye zahanati iko mwendo wa siku nzima. Ni mama wa Tana River aliyejifungulia nyumbani kwa mkunga kwa sababu mto umefurika. Ni kibarua wa Nairobi anayenunua vidonge dukani badala ya kupoteza kibarua cha siku. Hawa hawakuandikwa popote. Katika hesabu ya mashine, kijiji kisicho na zahanati kitaonekana kuwa kijiji kisicho na wagonjwa, na mtu atakayegawa dawa na magari ya wagonjwa kwa kuifuata hesabu hiyo atawanyima wale wale walionyimwa tangu zamani, safari hii kwa muhuri wa sayansi.

Hata walioandikwa hawajasalimika. Fikiria majina yetu. Mohamed, Mohammed na Muhammad waweza kuwa watu watatu, au mtu mmoja aliyehudumiwa na makarani watatu. Mzee asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa Januari 1, na kijijini mwake wako kumi waliozaliwa Januari 1. Mashine ikiunganisha faili mbili za watu tofauti, dawa inayomdhuru Muhammad huyu itaonekana kumfaa, kwa sababu ilimfaa mwenziwe. Hii si kasoro ya kuchekwa. Mtu aweza kuipoteza roho yake kwa herufi moja.

Na hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapokuwa na neno la kusema. Wagonjwa wetu wengi hueleza maumivu yao kwa Kiswahili au kwa lugha za mama. Tabibu huyaandika kwa Kiingereza. Bibi wa Mombasa akisema “roho yanichafuka,” hazungumzii dhambi, anataka kutapika. Kijana akisema “naendesha,” si kwamba ana gari. Mama akisema mtoto ana homa, mmoja hukusudia joto la mwili, mwingine malaria, mwingine mafua tu. Mwingine atasema ana kichomi, na tabibu itambidi amuulize kama ni maumivu ya ubavu au ni ugonjwa wa mapafu. Kati ya mdomo wa mgonjwa na karatasi, tabibu amekwisha kuchagua maana moja na kuziacha nyingine. Mashine huisoma ile moja iliyochaguliwa. Maneno ya mgonjwa haikuyasikia.

Wengine watasema basi tuipe mashine sauti yenyewe, isikilize mazungumzo na kuyaandika. Jambo hilo linafanywa katika nchi zilizoendelea, na limewapunguzia madaktari kazi ya kuandika. Lakini mwaka 2024, watafiti nchini Marekani waliochunguza Whisper, programu mashuhuri ya kugeuza sauti kuwa maandishi, waliripoti kwamba karibu asilimia moja ya maandishi yake yalikuwa na vifungu vizima ambavyo hakuna mtu aliyevisema, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi kwa watu wenye matatizo ya kusema. Hayo yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mashine hizo zimelishwa maandishi yake hadi zikashiba. Je, itakuwaje kwa Kigiriama, Kiturkana, Kidholuo au Sheng ya Mathare?

Nageukia sasa suala la tatu, ambalo ni la haki. Faili ya mgonjwa ni mali ya nani? Ukweli ni kwamba mashine hizi hufundishwa kwa kulishwa rekodi nyingi, na kwa hiyo rekodi zimekuwa bidhaa inayotafutwa. Mwaka 2015, hospitali ya Royal Free jijini London iliipa DeepMind, kampuni iliyo chini ya Google, kumbukumbu za wagonjwa wapatao milioni 1.6 ili ijaribu programu ya kugundua maradhi ya ghafla ya figo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mnamo Julai 2017, mlinzi wa data wa Uingereza aliamua kwamba hospitali hiyo ilikiuka sheria, kwani wagonjwa hawakuelezwa ipasavyo kwamba kumbukumbu zao zingetumiwa hivyo.

Sisi nasi tumekwisha kuonja mvutano wa aina hiyo. Mnamo Desemba 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano, ambapo Marekani iliahidi dola bilioni 1.6. Mwezi huo huo, baada ya watetezi wa watumiaji bidhaa kwenda mahakamani, Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kusimamisha vipengele vinavyohusu kuhamisha data za afya za Wakenya. Sitaki kumhukumu yeyote katika jambo lililofikishwa mbele ya majaji. Ninachosema ni kwamba maswali yale yalistahili kujibiwa hadharani kabla ya kalamu kugusa karatasi: ni data gani, itakwenda wapi, itatunzwa na nani, na mwenyewe aliulizwa lini?

Si kwamba hatuna sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la data nyeti, na inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2023 na ambayo ilipingwa mahakamani, inaitaja data ya afya kuwa rasilimali muhimu ya taifa. Neno hilo rasilimali linanitia wasiwasi kidogo. Madini ni rasilimali, na chai pia. Lakini kipimo cha virusi vya Ukimwi cha msichana wa miaka 19 ni siri yake kabla ya kuwa rasilimali ya mtu mwingine yeyote. Siri hiyo ikivuja, hapana mahakama itakayomrudishia mchumba, wala kazi, wala heshima aliyokuwa nayo kijijini. Na mgonjwa akishuku kwamba faili yake inatembea, ataficha ugonjwa, na hapo rekodi zote zitakuwa za uongo.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kabla ya kununua mashine, serikali za kaunti zote 47 ziwaajiri na kuwalipa vizuri maafisa wa rekodi za matibabu. Hawa ndio mafundi wa jahazi, ilhali mara nyingi ndio wanaokumbukwa mwisho katika bajeti. Rekodi iliyo safi humfaa mgonjwa hata pasipo mashine. Mashine bila ya rekodi safi haimfai mtu.

Pili, programu yoyote inayoletwa ijaribiwe kwa rekodi zetu, katika vituo vya umma vya mjini na mashambani, na matokeo yachapishwe yakiwa mazuri au mabaya. Tusikubali kwamba kilichofaulu Boston kitafaulu Busia. Tatu, kila ushauri wa mashine upitie kwa tabibu aliye na jina na sahihi, ili mgonjwa akidhurika awepo wa kuulizwa. Nne, mikataba ya kugawana data za wagonjwa iwekwe wazi, na mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa jinsi faili yake itakavyotumiwa.

Tano, na hili ni letu walimu na wanafunzi. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili, za isimu, za udaktari na za tarakilishi ambazo aghalabu hazipigiani hodi. Zikutane. Zikusanye maneno ambayo Wakenya huyatumia kueleza maradhi, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, pamoja na maana zake katika kila eneo, na kuyaweka katika kamusi ambayo tabibu na mashine wote wataweza kuitumia. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asihangaike; akae siku chache na wagonjwa na wauguzi wa eneo lake, awaombe idhini, asikilize. Kazi hiyo hakuna kampuni ya California itakayotufanyia, na ikitufanyia itatuuzia.

Kwa wanafunzi wa shule za upili nina neno moja. Wengi wenu mnaambiwa kwamba mashine ikishaanza kuandika, mwandiko mzuri, sentensi iliyonyooka na hesabu ya uangalifu havitakuwa na kazi tena. Msikubali. Baadhi yenu mtakuwa wauguzi, matabibu na makarani wa hospitali. Siku hiyo mtamwandika mgonjwa mstari mmoja katika rejista, huku foleni imefika getini, na kila kitakachoamuliwa baadaye juu ya mgonjwa huyo, na binadamu au na mashine, kitautegemea mstari ule. Uandikeni sawasawa.